Mikia ya Serikali

Hapo ninapotaka kuwapeleka hapamo kwenye ramani, kwa hiyo msihangaike kutafuta. Na mkiona panafanana na mahali mnapopajua, hilo ni tatizo la macho yenu, nendeni mkapimwe. Nchi yenyewe ilikuwa na amani tele. Aliyesema haina amani alikamatwa siku hiyohiyo, na amani ikaendelea.

Katika mji mkuu, mtaa wa Kisimani, alikaa Bi Sikitu Maganga, fundi cherehani wa sare za shule. Homa ya utotoni ilimchukua masikio ikamwachia vingine vyote, hasa mdomo. Kwa kuwa alikuwa hajisikii, alizungumza kwa sauti ya mnadani, na siri aliyokunong'oneza jikoni kwake ilifika sokoni kabla yako. Maneno ya watu aliyasoma midomoni. Mtu akimchosha, Bi Sikitu alifumba macho tu, na mtu huyo alikuwa amekwisha. Wenye masikio walimwonea kijicho kwa hilo, hasa siku za hotuba.

Masikio yake mengine yalilala chini ya meza ya cherehani. Alikuwa na mbwa mwekundu, wa mtaani tu, jina lake Waache Waseme. Huko watu huwapa mbwa majina ya kuwafikishia majirani ujumbe bila ugomvi: unasimama mlangoni unaita mbwa wako, na anayehusika anajijua. Bi Sikitu alishona akiwa ameupa mgongo mlango wa ua, maana mwanga ulitokea upande ule. Asingeweza kusikia hodi. Basi alitazama mkia wa Waache. Ukipunga mpaka kiuno kikayumba, anayekuja ni Mwamvua, dada yake. Ukisimama wima, ncha ikitikisika kidogo kidogo, ni mgeni, ngoja kwanza. Ukishuka na kubana tumboni, ni watu wa serikali, hata wakija na tabasamu na mfuko wa sukari.

Mkia ule haukuwahi kumdanganya. Ni watu wachache mjini walioweza kusema hivyo juu ya kitu chochote.

*

Sasa kuhusu Mapokezi. Mtawala wa nchi ile aliitwa Mlezi Mkuu, na kila mwaka alipita barabara kuu wananchi wakimpigia makofi. Mwaka mmoja akaanza kuyatilia shaka makofi, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeyaamuru. Akamwita Profesa Mabimbi, Waziri wa Furaha ya Umma, akamuuliza atajuaje kama anapendwa kweli.

"Mbwa, Mtukufu," alisema Profesa. "Mbwa hana unafiki. Mkia wake hauna kadi ya chama."

Tangu hapo kila nyumba ililazimika kufuga mbwa na kumpeleka barabarani siku ya Mapokezi. Majina mabaya yalibadilishwa kwa amri. Bwana Pazi Kungurume, balozi wa nyumba kumi pale Kisimani, yaani jicho la serikali mtaani, alikuwa na mbwa aitwaye Mtanikoma, akawa Shukrani. Waache Waseme alisalimika kwa sababu kamati ya majina ilidhani ni msemo wa Mlezi Mkuu mwenyewe.

Na mikia ilipunga, jamani. Barabara imejaa watu, kuna nyama za kuchoma kila kona, mbwa gani asingepunga? Televisheni ilionyesha mikia tu, nchi nzima ikapumua.

Balaa liliingia mwaka ule wazee wa mikoa walipomzawadia Mlezi Mkuu ngozi ya chui. Ngozi mbichi, haijakauka vizuri, kichwa na makucha vikiwa mahali pake. Akaitupia mabegani akashuka garini, atembee kwa miguu karibu na wananchi.

Upepo ukaleta harufu. Wa kwanza kufyata alikuwa Shukrani. Akafuata Waache, akafuata wa jirani, na wa jirani yake, mpaka barabara nzima ikawa mbwa wamekunja migongo, mikia imebanwa tumboni, wengine wanajikojolea mbele ya kamera. Mtangazaji akasema, "Watazamaji, mnaona heshima hiyo!"

Bi Sikitu alikuwa mstari wa mbele. Alimwona Mlezi Mkuu akitabasamu, na katikati ya tabasamu alisoma midomo yake: "Hawa wameambizana."

Nyuma yake Profesa Mabimbi aliitazama ile ngozi. Akawatazama mbwa. Uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyeelewa, akafungua mdomo, akaanza, "Ni ngo..." Mlezi Mkuu akageuza shingo. Profesa akafunga mdomo, akameza mate, akaufungua upya.

"Wameambizana kabisa, Mtukufu."

Njiani kurudi nyumbani Bi Sikitu alimshika Balozi Pazi mkono. "Ni ile ngozi ya chui, Balozi! Na Profesa anajua! Nimemwona kwa macho yangu!"

Watu walisimama. Balozi alitoka jasho jembamba. "Dada, nakuomba, punguza sauti."

"Sauti ipi?" alisema Bi Sikitu.

*

Tume iliundwa. Iliwahoji mbwa kadhaa, na kwa kuwa hawakujitetea, hatia ikathibitika. Ndipo Profesa Mabimbi alipohutubia taifa, na Bi Sikitu akaenda kumtazama kwenye televisheni ya Balozi.

"Ndugu wananchi," midomo ya Profesa ilisema, "mkia ni chombo cha habari. Unatangaza mchana na usiku, bila leseni, bila mhariri, bila kumshirikisha msemaji wa serikali. Mbwa mmoja akiona jambo, mkia wake unamwambia wa pili, wa pili anamwambia wa tatu, na tunaposhtuka mtaa mzima umekwisha ambiwa. Je, taifa changa linaweza kuvumilia hayo? Haliwezi. Kwa hiyo, kwa huruma yake, na kwa faida ya mbwa wenyewe ambao mara nyingi hubanwa mikia milangoni, Mlezi Mkuu ameagiza mikia yote ikatwe."

Akanywa maji.

"Wapo watakaosema mbwa ataumia. Wataalamu wetu wamewauliza mbwa na hakuna aliyelalamika. Wapo watakaosema nchi zilizoendelea siku hizi zinapiga marufuku kukata mikia. Ni kweli! Lakini wao walikata kwanza, ndiyo maana wakaendelea. Sisi tukiacha kabla ya kuanza, tutafika lini?"

Balozi alipiga makofi peke yake sebuleni, kwa mazoea. Bi Sikitu hakufumba macho. Alitamani, lakini safari hii alihitaji kusoma mpaka mwisho, ajue kama kuna mlango wa kutokea. Kweli ulikuwepo. Profesa alisema wenye ulemavu wanaotegemea mkia wa mbwa wataonewa huruma katika Ofisi ya Misamaha.

Asubuhi yake akaenda. Ukumbi ulikuwa umejaa, viti vimeelekezwa ukutani ili watu wasimtazame mtumishi akinywa chai. Majina yaliitwa kwa spika iliyoning'inizwa nyuma. Bi Sikitu alikaa. Aliona watu wakiinuka mmoja mmoja, bila kujua kinachowainua. Alikaa mpaka vitini wakabaki yeye na mwanamke mwingine, na mwanamke yule alikuwa mfagiaji.

"Uliitwa, mama," alisema binti wa dirishani, akifunga pochi yake. "Uliitwa mpaka sauti ikanikauka."

"Mimi ni kiziwi! Ndiyo maana nimekuja!"

"Ndiyo maana tumeweka spika, mama. Kwa ajili yenu. Rudi kesho."

"Kesho ndiyo wanakata Kisimani!"

"Basi wahi," alisema binti, na hakusema kwa ubaya.

Bi Sikitu hakurudi, maana kesho yake watu wa Kikosi cha Usawazishaji, wakataji mikia, walimkuta mlangoni anatoka. Mkia wa Waache ulimwambia mapema, ukashuka ukabana tumboni kwa mara ya mwisho katika maisha yake. Lakini kujua siyo kukimbia. Wakawapanga watu kwenye uwanja wa zahanati, kila mtu na mbwa wake, kila mbwa na kamba yake.

"Bwana Balozi," Bi Sikitu alisema, na uwanja mzima ukasikia, "wewe ni jirani yangu. Umekula futari kwangu. Waambie huo si mkia. Hayo ni masikio yangu."

Balozi Pazi alitazama viatu vyake, kisha akakumbuka kuwa asipoinua uso Bi Sikitu hatamsoma. Akauinua. "Dada, ukiwaambia ni masikio utawatia hamu zaidi. Shukrani wangu nimewaletea wa kwanza, ili nisishuhudie ya wengine nikisubiri zamu yake."

Ilikuwa panga na gogo la mchinjaji, na majivu ya kuzuia damu. Waache aliuficha mkia barabara, ikabidi watu wawili wautafute chini ya tumbo na kuuvuta. Hakumng'ata mtu. Alimtazama Bi Sikitu. Panga liliposhuka, Bi Sikitu aliona mdomo wa mbwa ukipanuka mpaka magego, na ndani ya kiganja chake kamba ikatetemeka, ikatetemeka kwa muda mrefu, ikapanda mpaka kiwikoni. Alikuwa amemlea Waache tangu hajafumbua macho, na hiyo ndiyo mara ya kwanza aliyomsikia.

Bi Sikitu aliwatukana. Nisiyarudie matusi yenyewe, watoto wanaweza kuwa karibu, ila yalianzia kwa mwenye panga, yakapitia kwa Profesa, yakapanda juu mpaka kwa wenye mabega ya kubeba ngozi za chui. Mwenye panga alikuwa na kazi nyingi, akasema, "Anayefuata."

*

Loo, nchi ilitulia! Hakuna mkia uliopunga wala uliofyata. Magazeti yaliandika kwamba mbwa sasa wanajiamini.

Ila walianza kung'ata. Zamani mbwa alikupa notisi: mkia ulikaza, wewe mwenye akili ukapita upande wa pili wa barabara. Sasa mbwa alisimama tu, kimya na wa duara nyuma, na usingejua kama anakukaribisha au anakupima mguu. Wauza maziwa waling'atwa, walimu waling'atwa. Na mbwa kwa mbwa ndiyo usiseme. Waache na Shukrani walikuwa marafiki tangu wadogo. Walipokutana tena kisimani, vidonda vimepona, Waache alitikisa kiuno chote kwa furaha. Shukrani hakuona kitu cha kupunga. Aliona mbwa anayejitikisa kuja upande wake, akamrukia kooni. Balozi aliyejaribu kuwaamua akashonwa mkono palepale zahanati.

Waache akawa hatoki. Alilala chini ya meza, na mara nyingine aligeuza shingo haraka kutazama nyuma yake, akakaa akipatazama pale. Bi Sikitu akiliona jambo hilo alisimamisha cherehani. Aliwachukia wale watu kwa chuki safi, isiyochanganywa na kitu, na hakuona haya.

Chuki, hata hivyo, haiwezi kumwambia mtu nani yuko mlangoni. Dada yake Mwamvua alisimama uani asubuhi nzima akaondoka amenuna. Siku nyingine Bi Sikitu alihisi joto shingoni, akageuka, akakuta askari wamejipanga nyuma ya kiti chake, wanamtazama akishona. Sindano ikampitia kidole. Waache alikuwa amesimama muda wote huo, kigutu kinahangaika huku na huku, kinasema sana, bila kusomeka hata neno.

"Usiogope, mama," alisema mkubwa wao. "Tumekuletea kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mapokezi yalikuwa yamekaribia. Televisheni ilijaribu kupiga picha za mbwa barabarani, Mlezi Mkuu akazitazama, akasema wanafanana na magunia. Nani atakayemwonyesha upendo sasa? Profesa Mabimbi hakulala, akaja na jibu: mikia ya serikali. Mafundi wote wa mji wataishona kwa kitambaa cha rangi za bendera, waya ndani, umepindwa kuelekea juu. Kwenye shina kuna springi, ya kuvishwa kwa mkanda kiunoni, nyepesi kiasi kwamba mbwa akipumua tu mkia unapunga.

Bi Sikitu aliushika mfano, akautikisa. "Na akihema kwa hofu?"

"Utapunga zaidi," alisema askari kwa fahari. "Profesa amefikiria kila kitu."

Alishona. Angefanyaje? Alishona mikia mpaka chumba kikawa kama banda la sherehe, na wa Waache akaushona wa mwisho, kwa uzi imara.

*

Siku ya Mapokezi barabara ilipendeza, wallahi. Mikia yote juu, rangi moja, inapunga. Bendi ya shaba ilipigwa mpaka vioo vikatikisika. Bi Sikitu aliihisi miguuni. Mlezi Mkuu akashuka garini, na mabegani ameitupia ngozi ileile ya chui, maana hakuna aliyewahi kumwambia kitu juu yake.

Mbwa wakaanza kuhema. Mikia ikapunga kama imepandwa na mashetani. Mtangazaji alilia hewani, machozi ya kweli.

Mlezi Mkuu alitazama kushoto na kulia, macho yakang'aa. Akatafuta mkia unaopunga kuliko yote ili apige picha na mbwa mwenyewe. Mkia huo ulikuwa wa Waache.

Alipokuja hatua za mwisho, kamba ilianza kutetemeka kiganjani mwa Bi Sikitu. Tetemo lilikuwa la chini, zito, halikatiki. Bendi ilikuwa imeziba masikio ya kila mtu, na kila mtu alikuwa anautazama mkia. Katika barabara ile yote iliyojaa wenye masikio, mngurumo ule ulisikiwa na kiziwi peke yake.

Profesa Mabimbi alitangulia. "Mama, huyu hana neno? Anafurahi?"

Bi Sikitu alifungua mdomo. Kweli alitaka kusema. Ukimlea mbwa hutaki apigwe risasi kwa ajili ya vidole vya mtu. Lakini palepale akamwona Profesa akitazama ngozi. Akamwona akitazama midomo ya Waache iliyokunjuka, meno ya pembeni yakichungulia. Akamwona akielewa, kama mwaka ule. "Ni ngo..." midomo ya Profesa ilianza. Mlezi Mkuu akageuza shingo. Midomo ikafungwa.

Na Bi Sikitu akaufunga wa kwake. Alikuwa mwananchi, na waziri wake alikuwa amemwonyesha namna.

Kisha akaufungua upya. "Mkia si huo hapo, Profesa!" alisema kwa sauti yake yote. "Mimi nimeushona, wewe umeupitisha!"

Mlezi Mkuu aliinama, kamera zikasogea, mkono wa taifa ukanyooshwa.

Waache aliukamata kwenye kifundo, akaung'ang'ania. Ngozi ya chui ilianguka, askari wakakanyagana, bendi haikuona kitu ikaendelea kupiga. Na mkia, muda wote ule, ulipunga.

*

Nchi yenye serikali makini haikosi maelezo. Jioni ileile ilitangazwa kwamba mbwa mmoja wa kawaida, kwa kuzidiwa na mapenzi, alimbusu Mlezi Mkuu mkononi, na kwamba busu lilikuwa la kina. Bastola zilikuwa zimekwisha tolewa, ikabidi zirudishwe, maana utampigaje risasi mbwa aliyebusu? Ingeonekana serikali haipendi kupendwa. Balozi Pazi alimletea Bi Sikitu habari hizo akiwa na mkono wake ulioshonwa, akaongeza kuwa Waache atapewa nishani.

"Ya nini?"

"Ya busu, dada. Na usinifanye nicheke, nyuzi zitaachia."

Wakaitwa uwanjani. Mlezi Mkuu hakuja. Alikuwa anapumzisha mkono. Alikuja Profesa Mabimbi, na kwa kuwa alimwakilisha, aliivaa yeye ile ngozi. Ilimfunika mpaka magotini. Jukwaani alisimama hatua chache mbele ya Waache na nishani ikining'inia mkononi, na kwa mara ya kwanza Bi Sikitu aliona hofu ya kweli usoni pa mtu mkubwa. Profesa alijua. Uwanja mzima ulijua. Na hakuna aliyeweza kuuita mng'ato jina lake, wala ngozi jina lake, kwa sababu Profesa mwenyewe ndiye aliyeyakataza majina hayo.

"Ndugu wananchi," midomo yake ilisema, imekauka, "leo tunamtukuza mbwa huyu..."

Hotuba ilikuwa ndefu. Midomo ilipochoka ikamgeukia Bi Sikitu, ikauliza polepole, bila kipaza sauti, karibu kwa kubembeleza: "Mama, nakuomba. Anafurahi?"

Bi Sikitu aliutazama mkia wa serikali. Ulikuwa juu, unapunga kwa nguvu zake zote.

"Anafurahi sana, Profesa. Sogea tu."

Kisha akafumba macho, hotuba ikakatika. Katika giza lile zuri hapakuwa na waziri wala uwanja. Kulikuwa na kamba, na kamba ilikuwa inatetemeka. Bi Sikitu aliisikiliza kidogo, akailegeza.